Pengo Lipi Linastahili Laki?

Kawangware na Lavington zinagawana barabara. Shika Gitanga Road kwa miguu kutoka upande wa soko, na muda si mrefu utaanza kupita vibao vya kliniki za meno vinavyotangaza implanti. Mkazi wa Kibera naye akikatiza soko la Toi kuelekea Adams Arcade, au akifuata Kibera Drive hadi Prestige, anakutana na vibao vya namna hiyo hiyo. Huduma haiko mbali. Kilicho mbali ni bei yake. Jino moja la kupandikizwa, pamoja na kofia yake, katika kliniki za binafsi za Nairobi kwa kawaida huanzia laki moja na kitu, na laki mbili si ajabu kusikika. Kwa anayelipa elfu nne kwa mwezi kwa chumba cha mabati, laki na ishirini ni kodi ya miaka miwili na nusu.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza bei. Anza na pengo lenyewe: liko wapi, na linakunyima nini. Yapo mapengo yanayostahili kila shilingi ya hiyo laki, na yapo mengine ambayo ukiyaacha yalivyo hutapungukiwa na chochote. Mwenye kibao hana haraka ya kukueleza tofauti.

Tuanze nyuma ya mdomo, ambako wengi wetu tumepoteza jego moja au mawili. Binadamu hahitaji meno yote 32 ili ale akashiba. Paulo Sarita na wenzake walilichunguza jambo hili Tanzania, kwa watu waliopoteza magego ya nyuma, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003: waliobakiwa na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana juu na chini, walikuwa na uwezo wa kutosha wa kutafuna. Hao ni Watanzania, watu ambao sahani yao haitofautiani sana na yetu. Basi simama mbele ya kioo, uma meno, uhesabu jozi zinazokutana. Ukiwa na magego madogo manne kila taya, na jego moja kubwa linalokutana na mwenzake upande mmoja au pande zote mbili, pengo la nyuma kabisa linaweza kukaa miaka bila kukudhuru. Mwambie daktari alitazame unapokwenda kukaguliwa. Meno ya jirani huweza kulalia pengo, na jino la taya ya pili hushuka au kupanda polepole kwa kukosa wa kukutana naye. Likianza kufanya hivyo, mtalizungumzia. Lisipofanya, pesa yako ina kazi nyingine.

Pengo la mbele ni habari nyingine kabisa. Sikubaliani na wanaoliita suala la urembo. Kijana anayetafuta kazi ya kuhudumia wateja katika duka la simu, mwalimu wa chekechea, mwimbaji wa kwaya, dada wa mapokezi, wote hawa pengo la mbele linawagharimu kila siku, na mtu aliyejizoeza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja hahitaji kuelezwa. Hata maneno yenyewe hupotea njia. Jaribu kutamka "thelathini na saba" bila meno mawili ya juu. Kama kuna pengo moja la kuwekea akiba kwenye chama, ni hili, hasa pale ambapo meno ya kulia na kushoto kwake ni mazima.

Nasema hivyo kwa sababu ya mshindani wake, daraja. Daraja ni jino bandia linaloning'inizwa kati ya kofia mbili, na ili kofia zivalishwe ni lazima meno mawili ya jirani yasagwe kwanza. Yakiwa mazima, unaharibu mawili kuokoa moja. Yakiwa tayari yamezibwa sana au yamevunjika na yanahitaji kofia hata hivyo, hesabu inageuka: daraja huwa la bei nafuu, huisha kwa wiki chache, na hakuna upasuaji. Daktari anayekusukumia implanti bila hata kuangalia hali ya jino la pembeni, msikilize kwa sikio moja.

Kuna pia meno ya kuvaa, yale ya plastiki ya kuvua usiku. Mtaani yanadharauliwa bure. Yaliyopimwa vizuri na daktari, yakatengenezwa maabara, yakarekebishwa mara mbili tatu hadi yasiumize fizi, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya implanti na humrudisha mtu kazini mwezi huo huo. Kwa anayejipanga kwa ajili ya implanti, meno haya ndiyo ya kuvaa wakati wa kungojea. Yavue unapolala, yasugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, uyaweke ndani ya maji safi. Usiyalalie, kwani fizi zilizofunikwa usiku na mchana huota kuvu.

Sasa implanti yenyewe. Ni skrubu ndogo ya titaniamu inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi kofia yenye sura ya jino. Siri yote iko kwenye mfupa. Mwaka 1952 Mswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vyombo vya titaniamu, na alipotaka kuvitoa vikakataa: mfupa ulikuwa umeshikamana na chuma. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliishi na meno hayo hadi alipofariki mwaka 2006. Mshikamano huo huchukua miezi, takriban mitatu kwa taya ya chini na minne hadi sita kwa ya juu, ambayo mfupa wake ni laini zaidi. Fundi wa mjengo anajua kwamba slabu iliyomwagwa leo haipandwi kesho. Ndivyo ilivyo hapa, na ndiyo sababu ya kuuliza maswali mengi unapoahidiwa jino la kutafunia mahindi choma jioni ya siku ile ile. Zipo hali ambapo daktari huweka kofia ya muda siku ya upasuaji, hasa mbele, lakini hiyo ni ya kuonekana, na utaambiwa usiume nayo.

Kama mfupa ndio kila kitu, basi siku muhimu kuliko zote ni ile ya kung'oa. Hapa ndipo watu wa mitaa yetu hupoteza pesa bila kujua. Jino likiuma tunavumilia, tunanunua dawa za kutuliza, usaha unajaa, hatimaye tunakwenda kung'olewa haraka na kurudi kazini. Baada ya hapo mfupa huanza kuyeyuka. Katika mwaka wa kwanza upana wake mahali pa pengo unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Ukija miaka minane baadaye kutaka implanti, huenda ukaambiwa mfupa hautoshi, inabidi uongezwe kwanza. Hiyo ni bili nyingine na miezi mingine ya kungoja.

Kwa hiyo kabla mtu hajashika koleo, muulize kama jino linaweza kuokolewa. Tiba ya mzizi, yaani kusafisha ndani ya jino na kulijaza, ina gharama, lakini mzizi wako mwenyewe ukibaki ndani ya mfupa unashinda skrubu yoyote. Ikibidi ling'olewe, mwambie daktari mapema kwamba unafikiria kuweka jino baadaye. Ataling'oa kwa uangalifu zaidi ili ukuta mwembamba wa mfupa wa mbele usivunjike, na pengine atakueleza njia za kuuhifadhi. Meno ya kahawia yaliyotokana na madini ya floraidi katika maji ya visima, ambayo wengi waliokulia upande wa Nakuru na Naivasha wanayo, hayang'olewi kwa sababu ya rangi. Mara nyingi ni mazima, na rangi ina dawa yake.

Ajali nayo ina sheria yake, ambayo kila mwendesha boda boda na kila mzazi angefaa kuijua. Jino la kudumu likitoka zima kwa kuanguka au kugongwa, liokote kwa upande wa juu unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lipitishe kwenye maziwa au maji safi kwa sekunde chache, bila kulisugua. Lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo ukiweza, uume kitambaa safi kulishikilia. Ukishindwa, litie ndani ya maziwa baridi. Maziwa hayakosekani kwa kibanda wala kwa ATM ya maziwa. Kisha ukimbie kwa daktari wa meno, ikiwezekana ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Jino lililorudishwa hivyo linaweza kukaa miaka mingi. Meno ya utoto ndiyo hayarudishwi. Na mtoto au kijana ambaye taya bado inakua hawekewi implanti, kwa sababu skrubu haikui pamoja naye na jino litaonekana limezama. Mara nyingi husubiriwa hadi miaka 18 au zaidi, wavulana wakichelewa kidogo. Hadi hapo jino la kuvaa linatosha.

Kabla ya kutoa hata shilingi kumi ya implanti, ponya kinywa. Fizi zinazotoka damu, ukoga uliogeuka jiwe, meno yanayocheza, yote haya hutibiwa kwanza. Vijidudu vilivyokula mfupa wa jino lako la asili vitakula na mfupa wa skrubu, na skrubu haina hata maumivu ya kukuonya. Kusafishwa meno na kutibiwa fizi ni kazi inayofanyika katika hospitali za umma. Kwa wakazi wa Kibera Hospitali ya Mbagathi ndiyo iliyo karibu, na Kenyatta iko mbele kidogo.

Mweleze daktari magonjwa yako yote bila kuficha. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda na kukaribisha usaha, kwa hiyo pima sukari, uirudishe chini, ndipo upasuliwe. Presha inayodhibitiwa kwa dawa haizuii. Mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza dawa zake ipasavyo na mwenye kinga nzuri huwekewa implanti kama mtu mwingine, na mtoa huduma anayekukataa kwa sababu hiyo pekee anakuonea. Aliyewahi kupigwa miale ya saratani kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, aseme hilo kabla ya jambo lolote, kwa maana taya yake inaweza kukataa kupona. Mjamzito asubiri ajifungue.

Sigara nayo. Kwa wavutaji, hatari ya implanti kushindwa ni takriban maradufu. Miraa na muguka haziko mbali sana katika orodha yangu, si kwa sababu ya jani tu: mtafunaji hushinda na donge shavuni upande mmoja saa nyingi, mdomo ukikauka, soda ikifuata, na mara nyingi sigara ikifuata soda. Ukijua huwezi kuacha hata kwa miezi ya kupona, nunua meno ya kuvaa na ujisamehe. Nasema hivi bila kejeli.

Ukiwa tayari, mtafute mtu wa kuifanya. KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno nchini, lina orodha kwenye mtandao ambako unaandika jina la daktari na kuona kama leseni yake ya mwaka huu ipo. Kliniki yenyewe pia inatakiwa kuwa na leseni. Fanya hivyo kwa simu ukiwa umekaa kwenye matatu, haichukui muda wala bando kubwa. Afisa wa afya ya kinywa aliyesomea chuo cha KMTC anaweza kukung'oa jino na kukufundisha usafi, lakini kupandikiza si kazi yake. Fundi wa maabara ya meno hutengeneza meno vizuri sana, ila vipimo huchukuliwa na daktari.

Halafu kuna yule ambaye hayuko kwenye orodha yoyote, anayechanganya unga na maji ya plastiki kwenye kifuniko, akalimwaga jino pale pale penye pengo na kuligandisha kwenye meno ya jirani. Unatoka ukitabasamu, umelipa elfu mbili tatu. Huwezi kupitisha uzi chini yake, chakula kinaoza humo, fizi zinavimba, na baada ya muda unapoteza meno mawili yaliyolishikilia. Siku hizi wengine wa namna hiyo hutumia neno implanti pia. Kipimo ni chepesi: asiyekupiga eksirei hajui mfupa wako una kina gani, wala mshipa wa fahamu wa taya ya chini umepita wapi, na mshipa huo ukiguswa mdomo unaweza kubaki na ganzi. Asiyekuonyesha vifaa vikitoka ndani ya pakiti zilizofungwa na kutakaswa, ondoka. Anayetaka ulipe kwa namba yake binafsi badala ya till ya kliniki, ondoka pia.

Ukitaka kupunguza gharama kihalali, panda matatu za 46 zinazopita Hurlingham, ushuke karibu na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Argwings Kodhek Road. Huko wanafunzi na madaktari wanaosomea ubingwa hutibu chini ya macho ya wahadhiri, na bei kwa kawaida huwa chini ya za kliniki za binafsi. Gharama yake nyingine ni muda: foleni, ziara nyingi, na kila hatua kukaguliwa na mwalimu kabla ya inayofuata. Kwa mwenye kibarua cha siku hilo ni zito, lakini angalau ni muda unaojua umekwenda wapi. Usipange bajeti ukitegemea SHA, bima ya afya ya serikali, ikulipie implanti. Kama una bima ya kazini, waandikie waulize kabla, na jibu liwe la maandishi.

Unapopewa bei, usiridhike na namba moja. Kuna anayekutajia elfu sitini, ukifika katikati unagundua ilikuwa ya skrubu tu. Mwambie: "Daktari, niandikie kila kitu hadi siku nitakayotafunia." Karatasi hiyo iwe na eksirei na skani ya taya, kung'oa kama jino au mzizi bado upo, kuongeza mfupa kama utahitajika, skrubu, kiunganishi, kofia na aina yake, jino la muda, na ziara za ukaguzi. Uliza pia itakuwaje skrubu ikikataa kushika katika miezi ya kwanza: nani atalipia ya pili? Hutokea, hata kwa daktari bora. Zaidi ya implanti 9 kati ya 10 bado ziko mahali pake baada ya miaka 10, ambayo maana yake ni kwamba kuna mtu ni yule wa kumi. Daktari anayekasirika kwa swali hilo amekujibu.

Malipo yagawe kama kazi inavyogawanyika. Skrubu ilipwe siku ya upasuaji, kofia siku inapovalishwa. Katikati kuna ile miezi ya kungoja mfupa, na hiyo ndiyo nafasi ya kupokea zamu yako ya chama au kuweka akiba ya kila wiki. Mikopo ya simu na Fuliza zikae mbali kabisa na jambo hili. Hakuna jino linaloharibika kwa kungoja miezi miwili skrubu ikiwa imefunikwa chini ya fizi.

Upasuaji wenyewe huogopwa kuliko inavyostahili. Kwa implanti moja iliyo rahisi hutumika sindano ya ganzi, nao huchukua saa moja au zaidi kidogo, na wengi husema kung'oa kuliuma zaidi. Taabu iko siku zinazofuata. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo anayebeba mawe mjengoni, anayesukuma mkokoteni au mama anayefua kwa nyumba za watu apange siku tatu za kupumzika, na awe ameweka akiba ya siku hizo ndani ya bajeti. Lala ukiwa umeinua kichwa. Kanda kwa kitu baridi siku ya kwanza. Kula uji uliopoa, viazi vya kuponda, ndizi, mayai na supu isiyo moto. Githeri na mutura zitakungoja. Usiteme mate kwa nguvu wala kunywa kwa mrija, maana donge la damu linalofunika kidonda likitoka, utaanza upya. Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Dawa ulizoandikiwa meza zote kwa siku zote. Tabia yetu ya kununua vidonge vinne vya antibiotiki kwenye duka la dawa haina nafasi hapa. Uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, ukipata homa, ukishindwa kufungua mdomo au kumeza, au mdomo wa chini ukibaki na ganzi hadi kesho yake, piga simu siku hiyo hiyo.

Nimeacha kundi moja ambalo kwangu ndilo lenye sababu kubwa kuliko hata kijana wa pengo la mbele. Ni wazee. Gatwekera na Kisumu Ndogo, kule Kibera, bado utakutana na babu na nyanya wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini ujanani kwa mila, wakaishi hivyo hivyo bila taabu wakati mengine yakiwa imara. Sasa mengine yameanguka, taya ya chini haina kitu, na mfupa wa mbele umenyauka zamani. Meno ya kuvaa ya taya ya chini ndiyo magumu kuliko yote kukaa: ulimi unayainua, mashavu yanayasukuma, mzee anayatia mfukoni na kuendelea kula ugali kwa fizi. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002, ulipendekeza kwamba kwa taya ya chini isiyo na jino hata moja, tiba ya kwanza iwe implanti mbili za mbele zinazoshika meno ya kuvaa kwa vifungo. Mzee huyavua na kuyavaa mwenyewe kama kawaida, lakini akiuma hayatoki. Watoto wanaochanga pesa wamnunulie mzazi zawadi waulize habari hii kabla ya kununua televisheni. Mpelekeni kwanza apigwe picha ionekane mfupa umebaki kiasi gani, maana kwa waliong'olewa zamani namna hiyo jibu linaweza kuwa hapana, na hapo mnarudi kwenye meno ya kuvaa ya kawaida yaliyopimwa kwa subira.

Kofia ikishavalishwa, kazi inahamia kwako. Chuma hakitoboki, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huugua. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, ukipitisha nyuzi zake pale kofia inapokutana na fizi. Mswaki wa mti, ule unaouzwa karibu na misikiti kule Makina, unasafisha vizuri sehemu za mbele na nyuma ya jino, ila haufiki katikati. Huko tumia uzi wa meno au vibrashi vidogo vya kupenya, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa na ambavyo huoshwa vikatumika tena. Maji hayatakushinda hata siku ambayo mtungi wa lita 20 umepanda bei, kikombe kimoja kinatosha. Rudi kukaguliwa mara moja au mbili kwa mwaka. Fizi ikitoka damu pembeni ya implanti, au ukibonyeza usaha ukatokea, usingoje tarehe.

Na kabla hujatoka kliniki siku ya mwisho, dai kadi ya implanti. Iandikwe kampuni iliyoitengeneza, iwe Straumann, Nobel Biocare, Osstem, Dentium au nyingine, pamoja na ukubwa, namba ya toleo, tarehe na jina la daktari. Kila kampuni ina skrubu na bisibisi yake. Miaka saba baadaye kofia ikianza kucheza ukiwa Kakamega au Homa Bay, mara nyingi ni skrubu ndogo ya kiunganishi tu iliyolegea, na daktari yeyote mwenye bisibisi sahihi anaikaza kwa dakika chache. Asipojua ni ya kampuni gani, anaweza kulazimika kuikata kofia nzima. Usiigandishe kwa gundi wala kuizungusha kwa vidole. Ile kadi ipige picha, kisha umtumie picha mtu mmoja nyumbani, kwa sababu simu nazo Nairobi huibwa.